Kaseti Iliyokuja na Migebuka

Wiki iliyopita nilipeleka sketi kwa fundi mmoja kijana hapa Sumbawanga, aniongezee kiuno. Alikuwa ametoka kutia mafuta cherehani yake, na alipoanza kukanyaga, harufu ya mafuta yaliyopata moto kwenye chuma ikanipanda puani. "Kaa hapo mama, dakika mbili tu, poa?" akaniambia. Nikakaa. Lakini dakika mbili hizo sikuwa pale. Nilikuwa Kizwite, nyumbani kwa Shangazi Leokadia, nina miaka tisa, nikisubiri kufa.

Sisemi hivyo kwa mzaha. Miezi ile yote niliamini nimepangiwa siku, na kwamba watu wazima wote wanaijua.

Ilianza shuleni kwetu kijijini, upande wa Kaengesa, asubuhi za kipupwe. Aliyesoma Ufipa anaijua baridi ile, namna vidole vya miguu vinavyokufa ganzi mstarini huku mwalimu wa zamu akikagua kucha bila haraka. Nilikuwa nimesimama tu, nikaona migongo ya wenzangu inakuwa myeusi, na nilipozinduka nilikuwa chini, mdomo umejaa vumbi. Ikatokea tena wiki iliyofuata. Mara ya tatu Baba akanipakia kwenye baiskeli mpaka hospitali mjini. Daktari akaniwekea kile kifaa kifuani, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena, kisha akafumba macho. Kule kufumba macho ndiko kulikonitisha. Akaniambia nikakae kwenye benchi nje, akabaki ndani na Baba.

Kutoka hapo hatukurudi kijijini. Tulikwenda kwa Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa fundi wa nguo pale Kizwite, mjini humohumo. Nilipewa chai na kiazi, nikaachwa barazani. Wao wakaingia jikoni, na ukuta wa jiko lile ulikuwa wa mabanzi. Walizungumza Kifipa kwa sauti ya chini. Nilimsikia Baba akisema moyo wangu una mlio, nisikimbie, nisibebe maji, nisishtuliwe. Shangazi akauliza jambo ambalo sikulishika. Baba akajibu, "Mpaka masika." Kisha akarudia polepole, kama mtu anayepima uzito wa gunia kabla ya kulibeba, "Mpaka masika tu."

Nilikirudisha kiazi sahanini. Baba alipotoka alinishika kichwa, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akapanda baiskeli yake akaenda zake; toka hapo alikuja kunijulia hali mara mojamoja. Kwa mtoto niliyekuwa mimi, hakukuwa na haja ya kuuliza zaidi. Kwetu masika huanza mwishoni mwa mwaka; nilikuwa na uhai wa mpaka mvua za kwanza.

Shangazi Leokadia hakuwa na mtoto. Mumewe alikuwa akinunua samaki Kabwe, ziwani, akawauza huku juu, na nyumbani alionekana mara moja au mbili kwa mwezi. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani dirishani, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, gunia la vipande vya vitambaa, na juu ya kabati redio kaseti iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Betri zake, wenzangu wa rika langu mnajua, zilianikwa juani kila asubuhi kama mtama.

Na ilikuwapo kaseti moja. Mumewe aliinunua kwa wafanyabiashara wa boti kule Kabwe, akaisafirisha ndani ya gunia la migebuka mikavu. Mafuta ya samaki yalikuwa yamekula karatasi yake, jina la mpigaji likafutika lote, likabaki neno moja tu kwa herufi kubwa: JAZZ. Sasa, kwetu jazi ni bendi ya dansi. Ni magitaa matatu, tarumbeta, na mwimbaji anayelalamikia mapenzi. Shangazi aliniambia kwamba siku ile kaseti ilipoletwa aliwaita majirani, akachemsha chai, wakakaa tayari kucheza. Ikatoka ngoma. Wakamsubiri mwimbaji. Wakasubiri mpaka upande ukaisha, hakuna aliyeimba. Mgeni mmoja akasema hawa watu bado wanafunga vyombo, wataanza upande wa pili. Wakageuza. Upande wa pili nao zikatoka marimba, marimba za chuma, na bado hakuna aliyeimba. Majirani wakanywa chai yao wakaondoka.

"Na mimi nikaitupa kabatini," Shangazi alisema. "Kisha siku moja nilikuwa na sare arobaini za kushona, redio haikamati stesheni yoyote, nikaiweka tu ili chumba kisiwe kimya. Weee! Nikashona sare kumi na mbili bila kuinuka."

Kwenye karatasi ile yenye mafuta ilibaki picha: mtu mmoja mweusi, mikono ya shati imekunjwa, kaketi katikati ya ngoma na matoazi. Pembeni palikuwa na picha nyingine ndogo, mtu amesimama nyuma ya meza ndefu ya vyuma vilivyopangwa, chini yake mabomba kama ya filimbi, mikononi fimbo nne zenye vichwa vya uzi. Uso wa huyu wa pili ulikuwa umeliwa. Shangazi alishikilia kwamba ni mtu yuleyule.

"Utajuaje?" nilimuuliza.

"Anaguna. Sikiliza. Kabla hajapiga jambo gumu, anaguna kama mtu anayenyanyua ndoo. Kwenye ngoma anaguna, kwenye marimba anaguna. Mguno ni mmoja. Mtu anaweza kubadilisha kazi, mguno wake haubadiliki."

Nilisogeza sikio kwenye kipaza sauti, nikausikia. Nilifurahi kama niliyemfumania mtu mafichoni. Kuanzia siku ile nami nikawa msikilizaji, maana kazi nyingine sikupewa. Wenzangu wa mtaani walikuwa wakiruka kamba. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikifumua nyuzi, nikimsikiliza mtu asiye na jina.

Nikifikiri sasa, naona jinsi Shangazi alivyokuwa msikilizaji wa kweli, ingawa hakuwahi kuona ngoma za namna ile kwa macho yake. Alimjua mpigaji kwa mwendo. Pale alipotumia fagio za waya badala ya fimbo, Shangazi alisema, "Sasa anafagia uwanja, wageni wako njiani." Pale mikono ilipotawanyika, mmoja kwenye ngoma kubwa, mwingine ukitembea juu ya matoazi, mtu ukaapa ni watu watatu, miguu ya Shangazi nayo ilikolea kwenye pedeli ya cherehani mpaka mshono ukapinda. Alizifumua suruali ngapi kwa ajili ya yule bwana! "Huyu mtu atanifilisi," alisema, na kurudisha kaseti nyuma asikie tena palepale.

Lakini upande ule wa kwanza ulikuwa na mahali nilipopaogopa. Katikati ya kupiga kwake, baada ya kasi ambayo hata Shangazi hakuweza kuifuata, mpigaji alisimama. Kimya. Si kimya cha kupumzika. Kilikuwa kimya cha kitu kilichokatika. Nilikuwa nimeanza tabia ya kushika kifundo cha mkono wangu nikihesabu mapigo, na kila tulipofika pale nilibana pumzi. Nilijua kimya kile kinafananaje. Ndicho nilichokiona mstarini shuleni.

Siku moja Shangazi aliniona. "Mbona unajikaba?"

"Amesimama."

"Nani kasimama? Njoo." Akaongeza sauti mpaka mwisho, akanivuta karibu. "Usiifuate mikono. Mikono ina mbwembwe. Sikiliza mguu."

Kweli. Chini ya kile kimya, mbali, kulikuwa na sauti ndogo ya matoazi mawili yakibanwa na mguu: chi, chi, chi. Haikuwa imekatika hata mara moja. Kisha mguno, kisha mikono ikarudi kama mvua ya mawe.

"Unaona?" alisema. "Mguu haujatoka kazini."

Nililia, naye akadhani ni uzuri wa muziki. Akanipa kipande cha kanga nifute kamasi.

Upande wa pili ulikuwa jambo jingine. Shangazi aliupenda kuliko ule wa kwanza, na mimi niliuchukia kwa siri. Zile marimba za chuma zilianza kwa tone moja. Tone. Kimya. Matone mawili. Kila sauti ilining'inia hewani ikitetemeka, kisha nyingine ikaangukia juu yake, kisha zikaja nyingi, nyepesi, za haraka. Kwa masikio yangu hayo hayakuwa marimba. Yalikuwa matone ya kwanza ya mvua kwenye bati. Na Shangazi aliyapiga kila siku, alasiri, mawingu yalipoanza kupanda nyuma ya milima ya Mbizi. Nikaamini anaita mvua bila kujua anaita nini.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Watu walikuwa wameshalima, ardhi imefunguliwa, inangoja. Kanisani padri akaongeza sala ya kuomba mvua kila Jumapili, kanisa zima likaitikia, "Utusikie, ee Bwana." Mimi nilifunga mdomo. Tena nilifanya zaidi ya kufunga mdomo: niliomba kinyume. Niliomba mawingu yaende Zambia, yaende popote, angalau mpaka Krismasi nipate gauni. Na mawingu yakaja, yakazunguka, yakaenda. Jumapili ya kwanza nilishukuru. Jumapili ya tatu nilianza kuogopa nguvu zangu.

Palikuwa na mteja mmoja wa Shangazi, Mama Masanja, Msukuma, familia yao imehamia na ng'ombe miaka michache nyuma. Mama mrefu, mcheshi, aliyekuwa akinipa maziwa mgando kwenye kibuyu. Siku moja katika ukame ule alikuja kuchukua blauzi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Shangazi akamuuliza habari za mifugo.

"Habari gani, dada? Jana tumechuna ndama wawili. Mama zao hawana maziwa, majani hakuna, maji tunayafuata nusu siku. Mungu amekasirishwa na nani, sijui."

Nilijua amekasirishwa na nani. Nilitazama chini, kwenye nyuzi zangu. Kijijini, Baba alikuwa ametayarisha mbegu ya ulezi na shamba la mahindi, naye anatazama mbingu hizihizi. Nikawaza: mvua ikija, nakufa; isipokuja, wanakufa wote. Mtoto wa miaka tisa hana mtu wa kugawana naye hesabu kama hiyo.

Siku mbili baadaye, alasiri, likapanda wingu jeusi kuliko yote. Shangazi alikuwa ameweka upande wa pili, kisha akazima katikati, akajifunga kitenge akaenda kupeleka sare. Nikabaki na redio. Nikafungua kile kimlango, nikatoa kaseti, nikaingiza kidole nikavuta utepe. Ulitoka mwingi kuliko nilivyofikiri, wa kahawia, unang'aa, kama utumbo wa kuku. Nilivuta mpaka mikono ikauma. Nikausokomeza wote ndani ya gunia la vitambaa, chini kabisa, na kaseti yenyewe juu yake, nikakaa kwenye kigoda. Wingu likapita. Likaenda upande wa bonde la Rukwa, likapotea. Basi nikawa na hakika.

Shangazi aligundua kesho yake, alipoingiza mkono kwenye gunia lile kutafuta kiraka. Mkono ulitoka umezungukwa na utepe. Nilikuwa nimewahi kuchapwa kwa makosa madogo zaidi ya hilo, nikajiandaa. Lakini yeye alivuta kigoda chake mbele ya changu, akakaa.

"Dafroza. Hii kaseti imekukosea nini?"

"Inaita mvua."

"Na mvua imekukosea nini?"

Ndipo yakanitoka yote, kwa Kifipa na Kiswahili vikichanganyika, sijui nilianzia wapi. Kwamba nimewasikia jikoni. Kwamba najua ni mpaka masika. Kwamba nimeomba mvua isije, na Mungu amenisikia, na ndama wa Mama Masanja nimewaua mimi.

Shangazi aliweka kiganja mdomoni. Alipokiondoa, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

"Mpaka masika ndiyo nini, we mtoto? Masika ndiyo anakuja daktari bingwa! Yule wa moyo, kutoka mbali, anakuja mara moja kwa mwaka. Daktari wa hapa alisema hana uhakika, tusubiri bingwa akusikilize. Mpaka masika, kusubiri! Baba yako alikuwa analalamika kwamba ni mbali."

Nilimtazama. Neno "kusubiri" lilichukua muda kuingia.

"Kwa hiyo sifi?"

Angeweza kunidanganya, lakini hakufanya hivyo, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Sijui, mwanangu. Hakuna aliyesema unakufa. Hakuna aliyesema hufi. Tumesema tusubiri." Kisha akanivuta kifuani kwake, kwenye ule utepe wa kupimia nguo aliouvaa shingoni, uliochomekwa sindano, nikachomwa shavu. "Na mambo ya mvua uache. Mungu angekuwa anatii watoto kiasi hicho, shule zote za Rukwa zingekuwa zimefungwa."

Nilicheka huku nikilia, na nikasikia njaa, njaa ya ajabu, kama ya mtu aliyetoka kuugua malaria.

Tulitumia siku mbili kurudisha ule utepe. Mimi nilishika kaseti na kuizungusha kwa kalamu. Yeye aliunyoosha utepe kati ya vidole, sentimita kwa sentimita, kama anayekunja upindo wa hariri. Mahali pawili ulikuwa umekatika, akaunga kwa gundi ya karatasi. Tulipouweka, ngoma zilitoka salama kiasi. Marimba ndizo zilizoumia. Palipokunjamana, sauti iliyumba kama inatoka chini ya maji. Shangazi alisikiliza, kichwa upande. "Si vibaya," alisema. "Bado anaguna." Na kwa mara ya kwanza niliusikiliza upande ule nikiwa sina ugomvi nao. Nilisikia kwamba matone yale hayakudondoka ovyo. Mtu aliyachagua. Alikuwa na fimbo nne mikononi na angeweza kupiga yote kwa pamoja, lakini alianza na moja, akaiacha ifike mwisho wake.

Mvua ilikuja Jumamosi, mchana, Shangazi akipiga pasi. Nilisimama mlangoni nimeshika kifundo cha mkono. Ilipiga bati mpaka hatukusikiana. Watu walitoka nje wakasimama tu uwanjani, watu wazima, wakilowa. Nilihesabu mapigo mpaka mia moja, nikachoka kuhesabu, nikatoka nikasimama nao.

Bingwa alikuja wiki mbili baadaye. Alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani, na yeye hakufumba macho. Alinisikiliza mbele na nyuma, akanilaza, akaniinua, akaniambia niruke mara kumi. Baba, aliyekuwa amekuja kwa baiskeli kwenye tope toka alfajiri, alinyanyua mkono kunizuia. "Mwache aruke, mzee," daktari alisema. Nikaruka. Akasikiliza tena. Kisha akanivalisha kile kifaa masikioni mwangu mwenyewe.

"Unasikia nini?"

Nikasikia: du-du, du-du, na kati yake kijisauti kama upepo unaopita penye ufa.

"Hicho kiupepo ndicho kilichowatisha. Ni damu inapita tu. Watoto wengi wanacho, akikua kitapotea. Moyo wake ni mzima." Akamgeukia Baba. "Kinachomwangusha ni upungufu wa damu. Anakwenda shule amekula?"

Baba aliangalia kofia yake. "Si kila siku, daktari."

"Basi ale. Nitampa dawa ya kuongeza damu na ya minyoo. Akimbie, acheze, abebe maji kama wenzake."

Baba hakusema asante. Alijaribu, midomo ikasogea, akaishia kuitikia kwa kichwa, mara nyingi, hata baada ya daktari kumwita mgonjwa mwingine.

Tulirudi Kizwite kwa miguu, yeye akikokota baiskeli. Shangazi alituona tangu mbali, na sijui alisoma nini katika mwendo wetu, maana alianza kupiga vigelegele kabla hatujasema neno. Tulikula ugali wa ulezi na migebuka, mimi nikaongezwa mara mbili. Kisha Shangazi akamwambia kaka yake, "Leo na wewe utamsikia bwana wangu," akaweka kaseti, upande wa marimba. Baba alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono magotini, viatu vya tope bado miguuni, amekaza uso kwa adabu kama aliye kanisani. Matone yakaanza, moja, kisha mawili. Kabla hayajawa mengi kichwa chake kilikuwa kimeangukia ukutani, mdomo wazi.

Niliinuka kumwamsha, nikiona aibu kwa niaba yake. Shangazi akanishika gauni.

"Mwache," alinong'ona. "Kila alipokuja kukuangalia alikuwa na macho mekundu, akaniambia ni vumbi la njiani."

Upande ulipoisha Shangazi aliinuka kwa vidole vya miguu, akaigeuza kaseti, akapunguza sauti. Tukakaa sisi wawili, tukisikiliza ngoma na mkoromo wa Baba.